Mwalimu Aliyegombana na Hewa

Hapa kwetu Mafia ukimtaja mtu, hujamaliza hata sentensi, unaulizwa: wa kwa nani huyo? Babake nani? Kwao Kilindoni au visiwani? Mimi leo sijibu. Mwalimu wetu wa kemia alisimama kwa miguu yake mwenyewe, na ukoo wake haukunifundisha kitu. Alinifundisha yeye. Anayetaka ukoo akaulize kwingine.

Naandika nikiwa na hasira kidogo, nakiri. Juzi nimesikia mtu sokoni akimwita "yule mama wa makunde ya damu", watu wakacheka. Nikaona bora niseme mimi niliyekuwepo, kabla hadithi haijakuwa ya waliokuwa hawapo.

Alikuwa mfupi, mkakamavu, sauti kubwa kuliko mwili. Baibui lake lilikuwa na matundu madogo madogo kwenye pindo, ya asidi. Sisi tulikuwa tunasema yale matundu ndiyo vyeti vyake. Ukimwamkia njiani, "Shikamoo mwalimu," alikuwa anaitika, "Marahaba. Swali?" Siyo habari za nyumbani, siyo mama hajambo. Swali! Na ukisema huna swali, anakutazama kama mtu aliyeagizwa chumvi dukani akarudi mikono mitupu. Kuna wenzangu walikuwa wanakata njia ya vichakani, wanachanika na miiba, ilimradi wasikutane naye asubuhi.

Darasani kitu cha kwanza ni kufungua madirisha yote, hata mvua ikinyesha.

"Nyinyi mnavuta nini?"

"Oksijeni, mwalimu!"

"Waongo wakubwa! Mnavuta naitrojeni. Pumzi moja ukiigawa mafungu matano, karibu manne ni yeye. Anaingia kifuani kwako, anatoka, hata salamu hakupi."

Huo ndio ulikuwa ugomvi wake. Wengine wana ugomvi na mashemeji, yeye alikuwa na ugomvi na hewa. Alikuwa akiizungumzia naitrojeni kama jirani tajiri anayekula mlango umefungwa. Akatupeleka mpaka mashamba ya Baleni, akatusimamisha kwenye mchanga mbele ya muhogo uliokonda, majani ya njano. "Mnauona? Huu una njaa ya naitrojeni. Na umezungukwa na nini? Na naitrojeni! Unaoga ndani ya chakula na unakufa njaa. Kama hilo haliwaudhi, basi nyinyi si wanafunzi wangu, nyinyi ni wapita njia."

Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa anambeba alimjibu siku hiyo hiyo, sote tukisikia: "Mwalimu, hewa ingekuwa mbolea, tairi zangu zingeshaota mchicha."

Tulidhani atamrarua. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kwenye mtihani wa muhula tukakuta swali: *Eleza kwa nini tairi la bodaboda halioti mchicha.* Nusu ya darasa walikosa.

Jibu lenyewe alitufundisha nje, uwanjani, na siku hiyo hatukuandika chochote. Aliwaita wavulana wawili wenye nguvu kuliko wote, akawapa vipande vitatu vya kamba ya makumbi ya nazi, kila mmoja ashike ncha zote tatu kwa upande wake. "Nyinyi ni naitrojeni. Atomu mbili, na kati yenu bondi tatu. Haya, wengine waachanisheni."

Tukavuta. Tukawashika viunoni, tukawavuta shati, mmoja likamchanika kwapani. Kamba hazikuachia.

"Hiyo ndiyo kazi ya radi," alisema. "Radi inaachanisha kwa nguvu. Nyinyi si radi. Wewe mwembamba, njoo hapa. Wewe ni chuma."

Mwembamba ni mimi. Mvulana mmoja akapiga kelele: "Chuma gani huyu, mwalimu? Huyu waya!"

"Waya si chuma? Nyamaza."

Akarundika nazi miguuni kwangu. Akanisimamisha kando ya mmoja wa wale wawili, kwenye ncha, siyo katikati. "Usivute hata kidogo. Mwache akuegemee bega. Naitrojeni ina elektroni mbili za akiba kwenye ncha yake, hizo ndizo inazompa chuma. Inadhani imepata pa kupumzikia. Sasa na wewe mrudishie. Mpe nazi."

Nikampa nazi. Akaikumbatia kwa kiwiko huku kashika kamba. Nikampa ya pili, akampasia mwenzake. Ya tatu. Ya nne. Wakaanza kuhangaika, jasho, kicheko, na kamba moja ikadondoka. Ya tano, ikadondoka ya pili. Hakuna aliyewavuta. Mikono tu ilikuwa imejaa.

"Mmeona?" Alikuwa anarukaruka kama mtoto. "Elektroni za chuma zinaingia kwenye nafasi ambayo naitrojeni iliiacha tupu. Na nafasi ile kwao ni mbaya, kila kinachoingia pale kinalegeza kamba. Chuma hampigi naitrojeni. Anampokea, halafu anamjaza. Haya sasa haidrojeni, njooni!"

Haidrojeni tulikuwa sisi wasichana, watatu kwa kila mvulana. Tulishika ncha za kamba, siyo mikono yao, tuna heshima zetu. Zile kamba zikaisha zote, wale wawili wakatengana, kila mmoja na wasichana wake watatu, akatangaza: "Amonia! Mmea unakula!" Kelele zilizopigwa pale, Mkuu wa shule alitoka ofisini akidhani kuna nyoka.

Tangu hapo msemo wake ukawa huo: "Mwenye mkono uliofumbwa usimvute, mpe cha kushika." Aliutumia kwa kila kitu. Kwa mtoto anayelia, kwa mbuzi aliyeingia maabara, kwa mzazi anayekataa kununua daftari.

Ila sasa niseme kweli, maana sipendi picha za watu zilizopakwa mafuta. Yeye mwenyewe msemo ule ulimshinda. Kwa atomu alikuwa mpole, kwa binadamu alikuwa radi. Walimu wenzake aliwakatiza. Hata Mkuu wa shule, mwalimu alimwambia mbele yetu, "Wewe bwana unaongoza shule au unalinda makufuli?" Alichukia wachelewaji na yeye alichelewa. Alituambia tusiamini kitu bila kukiona, na hakung'oa mche hata mmoja bila kusema bismillah. Mvulana mmoja mjuaji akamuuliza sayansi na bismillah vinakutana wapi. Akamjibu, "Mimi nafungua mlango wa mwenyewe, nisipige hodi? Bondi ile umeifunga wewe?"

Nyuma ya maabara, kati ya minazi ya shule, alikuwa na shamba dogo: mstari wa muhogo, mstari wa kunde. Kunde ndizo zilizokuwa fahari yake. Mizizi ya kunde ina vifundo, na ndani ya vifundo kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na ndani ya vijidudu kuna kazi ile ile tuliyoifanya na nazi: chuma, na salfa, na madini mengine yanayoitwa molibdeni, vimekaa pamoja kama mawe ya jiko, vinaikamata naitrojeni ya hewani na kuilegeza. Bila moto. Bila kiwanda. Ndani ya mchanga wa Mafia. "Anayeishika naitrojeni ni molibdeni," alisema, akigonga meza. "Chuma anasaidia. Molibdeni ndiye nahodha." Hakuna aliyebisha. Nani angebisha?

Shida ilianza na vile vifundo.

Mwaka uliotangulia muhogo wa watu ulikuwa umeharibika vibaya. Unang'oa, unakata, ndani kahawia, umeoza, hata mbuzi hataki. Watu walikuwa na hofu ya kila kinachovimba na kila kinachobadilika rangi. Siku ya kazi za shamba wanafunzi wakang'oa kunde moja kwa bahati mbaya, mzee mmoja mkulima aliyekuwa anapita akaiona mizizi. Kufika jioni kijiji kizima kinajua: mwalimu wa kemia anafuga majipu ya mizizi pale shuleni, na majipu yatahamia kwenye muhogo.

Mkuu wa shule ilikuwa kama kaletewa zawadi. Kemia tulikuwa tunashika mkia katika mitihani, na yeye alikuwa anatafuta sababu ya kuifuta kuanzia Kidato cha Tatu, chumba cha maabara akifanye ghala. Ukaitwa mkutano wa wazazi, ajenda mbili: kunde zing'olewe, na kemia ifutwe.

Mimi nilikuwa Kidato cha Pili. Nilikuwa nataka famasia, na nataka mpaka leo. Bila kemia hakuna famasia, hakuna uuguzi, hakuna chochote nilichokitaka. Na kwetu hapakuwa na uwezo wa kunipeleka shule ya bara. Kwa hiyo waliokuwa wanajadili kunde walikuwa wananijadili mimi, ila hakuna aliyenitazama.

Mkutano ulifanyika darasani, wazazi kwenye madawati yetu, magoti yamewafika kifuani. Wanafunzi tulijazana madirishani. Yule mzee alisimama. Hakuwa mtu mbaya, niseme na hilo.

"Mwalimu, sisi hatuna vita na wewe. Muhogo wetu umeoza, tumekula kwa kubahatisha. Leo wewe unapanda mizizi yenye majipu mlangoni kwetu. Ingekuwa wewe ungefanyaje?"

Mwalimu akainama. Akatoa kwenye kikapu mche wa kunde, mizizi bado ina mchanga. Akachukua wembe. Akabandua kifundo kimoja kwa ukucha, akakipasua, akakiinua juu ili wote waone.

Ndani kilikuwa chekundu, chekundu cha kidonda kibichi.

Mimi nilijua anachotaka kuonyesha. Kifundo chekundu ni kifundo kinachofanya kazi. Alidhani wataona uzuri. Mama mmoja nyuma akasema, "A'udhubillahi! Damu!"

"Damu ndani ya mzizi!"

"Mwalimu, umezika nini pale?"

Madawati yakaanza kugongana. Wengine walishatoka nje. Mwalimu mwingine angesema jamani subirini, siyo damu, ni rangi tu. Yeye akapanda juu ya kiti.

"Ndiyo, ni damu! Na ni damu halali! Kinachoifanya damu yako iwe nyekundu ni chuma, na humu kimo chuma. Huyu mwekundu ni mlinzi wa mlangoni, anaizuia oksijeni isiingie kwa fujo ikaharibu kazi ya ndani. Wewe mzee, ukipungukiwa na damu unakwenda hospitali unapewa vidonge vya chuma. Mbona huendi kwa mganga?"

"Mimi nakwenda kote kuwili," mzee akasema, na watu wakacheka, hata waliokuwa mlangoni.

Hapo ndipo angetulia. Hakutulia, ila alisema kitu cha maana. "Jipu la ugonjwa, lile la minyoo ya udongoni, mzizi wenyewe ndio unaovimba, hulibandui mpaka uvunje mzizi. Hiki kimekaa pembeni kama kifungo cha shati. Njooni mkibandue. Njooni kwa kucha zenu!"

Hakuna aliyekwenda.

"Mwalimu," Mkuu wa shule akasema, "hatukuja hapa kusoma kemia."

"Ndiyo maana mnataka kuifuta!"

Kunde zikahukumiwa kwa mikono iliyonyooshwa, karibu yote. Ikabaki ajenda ya pili. Mkuu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda, kama kuna mzazi anayetaka kemia ibaki asimame aseme sababu. Nilikuwa nimeshika nondo za dirisha mpaka vidole vinauma.

Mama yangu akasimama. Alikuwa ametoka kwenye mwani moja kwa moja, kanga yake imekauka na chumvi. Mama yangu hasemi mikutanoni.

"Mimi sijaelewa hata neno moja la huyu mwalimu," alisema. "Na ile kunde imenitisha kama ilivyowatisha nyinyi. Lakini mwanangu pale dirishani anaelewa, namwona usoni. Sikumleta shule aelewe ninachokielewa mimi. Hicho angekipata baharini, bure."

Akakaa. Kisha akasimama baba mmoja. Kisha yule mzee mwenyewe, huyo huyo, akasema kunde ziondoke lakini watoto wasome. Kemia ikabaki.

Kunde tuliziondoa sisi wanafunzi, kwa amri, tukazichoma na mizizi yake. Mwalimu alijifungia maabara mpaka moshi ulipoisha. Wiki iliyofuata madirisha yote ya maabara yalikuwa na ndoo za rangi zilizojaa mchanga, na kila ndoo ina miche ya kunde. Mkuu akamuuliza nini hii.

"Mkutano umesema shambani. Haukusema ndoo."

Hakuna aliyemwomba radhi, mwaka ule wala miaka iliyofuata. Wapo wanaosubiri hadithi hii iishe kwa wanakijiji kuja na vikapu kuomba mbegu. Hawakuja. Yeye hakuwasubiri. Alifundisha.

Mwezi huu nimekutana naye Kilindoni. Nimemaliza Kidato cha Sita, nasubiri matokeo, na nilikuwa nimeshapanga kwenda Dar kwa dada yangu kusubiria huko, maana hapa nachoka. Nimeingia duka la pembejeo kumchukulia mama mbegu za bamia, nikamkuta kwenye kaunta, ananunua urea. Urea! Sisi wanafunzi wake tulishaapa hatugusi mbolea ya dukani mpaka tufe.

"Mwalimu! Na wewe?"

"Na mimi nini? Mchicha wangu una haraka." Hakuona haya hata kidogo. "Hii nayo ni kazi ya chuma, ila kiwandani, kwa moto na mgandamizo. Chuma mvivu yule, mpaka umchome. Nani kasema ni haramu?"

Tulikaa kwenye benchi la nje ya duka. Amezeeka, ila macho ni yale yale. Mimi nilikuwa na langu moyoni, siwezi kukaa na kitu. Nikamwambia, "Mwalimu, ulituambia nahodha ni molibdeni. Nimesoma mwaka huu, wapo wanaosema naitrojeni inashikwa na chuma, siyo molibdeni. Na wengine wanakataa. Wanabishana."

Nilidhani atakasirika. Akanishika mkono. "Wanabishana? Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Wametengeneza na vitu vyao maabara, chuma na molibdeni vimezungushiwa hiki na kile, vinaikamata naitrojeni kabisa. Lakini kuigeuza kama kunde inavyoigeuza, kwa wepisi ule, bado inawashinda."

Alicheka kile kicheko cha siku ya bodaboda. "Kwa hiyo nimewadanganya watoto wa watu miaka yote hiyo, na kesi haijaisha! Alhamdulillahi. Ningekufa nikidhani imeisha."

Halafu akafunga mfuko wake wa urea. Ndipo aliponiambia kwamba amestaafu. Hajaletwa mwalimu mwingine. Kidato cha Tatu wameambiwa wachague masomo mengine, na Ijumaa maabara inafungwa, inakuwa ghala kweli safari hii.

"Na wewe umekubali?"

"Nimepigana, mwanangu. Nimekwenda ofisini, nimekwenda kwa wazazi, nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Sasa nimechoka. Mtu haruhusiwi kuchoka?"

"Haruhusiwi," nikasema. Ni utovu wa adabu, najua. Nilimjibu mwalimu wangu hivyo, mtu mzima, barabarani.

Hakunikemea. Alipanda bodaboda na mfuko wake mapajani, akaondoka. Hakuniomba kitu. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu mama yangu anadhani nilitumwa.

Leo Jumatatu nimekwenda shule. Mkuu ni yule yule, mvi tu zimeongezeka.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba. Umekuja kufuata cheti?"

"Nimekuja kufundisha kemia. Kujitolea."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

Akavua miwani. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba mimi si mwalimu, kwamba uamuzi umeshapita, kwamba matokeo yakitoka nitaondoka na watoto watabaki hewani.

"Nitaondoka, kweli," nikasema. "Lakini bado hayajatoka. Kidato cha Tatu nimeshapita darasani kwao, wapo waliosema wanakuja, na leo mchana tunaanza."

"Binti, Ijumaa nakifunga kile chumba."

"Sawa, mkuu. Ukija na kufuli, gonga kwanza. Ndani kutakuwa na watu."